Shahidi Mmoja Hatoshi



Katika kazi ya kutengeneza magari kuna mambo mawili ambayo watu huyachanganya kila siku: dalili na chanzo. Dalili ni kile kinachoonekana, kinachosikika au kinachonusika. Chanzo ni kile kilichojificha nyuma yake. Mwenye gari huleta dalili. Anachokuja kununua kwa fundi ni chanzo. Kati ya hayo mawili kuna safari, na katika safari hiyo watu wengi huumizana, kwa maana ni rahisi zaidi kumtafuta wa kulaumiwa kuliko kutafuta kilichotokea.

Sisi ni mafundi wanne wa gereji moja ndogo katika komini ya Kampemba, Lubumbashi, pamoja na kijana mmoja anayejifunza kazi kwetu. Tumeona vema kuwaandikia habari za gari moja la michezo lililotushughulisha kwa majuma matatu. Hatuwaandikii kwa kuwa wengi wenu mtamiliki gari la namna hiyo. Tunawaandikia kwa sababu uchunguzi wake, kama ungefanywa kwa pupa, ungeliharibu jina la kijana huyo kwa miaka mingi, naye ana umri kama wenu.

Gari na shutuma

Gari lenyewe lilikuwa la viti viwili, lenye miaka kama ishirini, lililonunuliwa baada ya kutumika Ulaya. Injini yake imekaa nyuma ya viti, nayo ina silinda sita zilizolazwa ubavu, tatu upande wa kushoto na tatu upande wa kulia. Mwezi wa kumi, kiangazi kikielekea mwisho, mwenyewe alilileta kwa huduma ya kawaida: kubadili oili, vichujio na buji zote sita. Kijana wetu ndiye aliyefunga buji hizo, mkubwa wetu akiwa amesimama karibu naye. Gari likaondoka likiwa zima.

Majuma matatu baadaye mvua za kwanza zikanyesha. Asubuhi moja mwenye gari akaja na uso uliokunjamana. Alisema kwamba alipoliwasha gari lilitetemeka kama mtu mwenye homa, na taa ya injini ikawa inawaka na kuzimika, inawaka na kuzimika. Kisha, mbele ya wateja watatu na mama anayeuza mikate mlangoni petu, akamnyoshea kijana wetu kidole. Alidai kwamba kijana aliziondoa bobini asilia, yaani vile vifaa vinavyozipa buji umeme, akaziuza, na mahali pake akafunga nyingine zilizochakaa. "Kabla hamjaligusa, lilikuwa zima," alisema. Akatupa siku saba: bobini zake zirudi, au kijana apelekwe polisi. Bei ya bobini sita za gari lile ilizidi posho ya kijana ya miezi mingi.

Kijana hakubishana naye. Alimgeukia mkubwa wetu akasema, "Papa, mimi sikuchukua kitu." Mkubwa wetu akamjibu, "Nimesikia, mwanangu. Lakini shefu hatalisadiki neno lako, wala langu. Jibu tutalitoa ndani ya gari lenyewe."

Maneno hayo yalitufundisha namna ya kusimama. Sote tulimpenda kijana, na sote tungeweza kuapa kwa ajili yake. Lakini upendo si ushahidi, kama vile hasira ya mwenye gari isivyokuwa ushahidi. Ilitubidi tuliulize gari maswali yale yale ambayo tungeliuliza kama mshitakiwa angekuwa mtu tusiyemjua kabisa.

Kompyuta hujuaje kwamba moto haukuwaka?

Ili mtuelewe, inafaa kwanza kueleza maana ya taa ile. Ndani ya kila silinda, hewa na petroli husongwa na pistoni, kisha buji hutoa cheche, mchanganyiko huwaka, na nguvu ya mwako huisukuma pistoni chini. Fikra ya kuwasha kwa cheche ya umeme ni ya zamani. Étienne Lenoir, aliyezaliwa katika kijiji cha Mussy-la-Ville ambacho leo kimo Ubelgiji, aliitumia katika injini yake ya gesi mwaka 1860. Bobini ya leo inafanya kazi kwa kanuni ile ile: nyaya mbili za shaba, shaba kama ile inayochimbwa hapa kwetu Katanga, zimezungushwa pamoja kwa namna ambayo volti 12 za betri zinageuka kuwa makumi ya maelfu ya volti. Umeme huo mkali ndio unaoweza kuruka nafasi ndogo iliyo kwenye ncha ya buji.

Ikiwa cheche haikutoka, au petroli haikufika, au hewa haikusongwa vizuri, silinda hiyo hukosa kuwaka. Petroli ambayo haikuungua hutoka pamoja na moshi na kuingia katika kisafisha moshi, yaani katalisti, chombo chenye madini ya thamani kama platini na paladi. Humo inaungua mahali isipopaswa, na joto lake linaweza kukiyeyusha chombo hicho. Ndiyo sababu sheria ziliwalazimisha watengenezaji wa magari kuweka onyo: Marekani kwa magari yote mapya ya abiria kuanzia yale ya mwaka 1996, na Umoja wa Ulaya kwa magari mapya ya petroli kuanzia mwaka 2001. Taa ikitulia imewaka, dereva atafute fundi mapema. Ikimetameta, apunguze mwendo mara moja, kwa kuwa katalisti imo hatarini.

Lakini hapa pana jambo ambalo madereva wengi hawalijui, na hata mafundi wengine hulisahau. Kompyuta ya gari haiuoni moto. Hakuna jicho lolote ndani ya silinda. Kinachofanyika ni hiki: kwenye mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni kuna gurudumu lenye meno, na kando yake kuna kihisi kinachoyahesabu meno hayo yanapopita. Kwa mpango unaotumika katika magari mengi, gurudumu limegawanywa sehemu 60, na meno mawili yameachwa wazi ili kompyuta ijue mzunguko unaanzia wapi. Katika injini ya silinda sita, silinda moja huwaka kila mhimili unapozunguka nyuzi 120. Injini ikizunguka mara 800 kwa dakika, safari hiyo ya nyuzi 120 huchukua milisekunde 25. Ikizunguka mara 6,000, huchukua zaidi kidogo ya milisekunde 3. Silinda moja ikikosa kuwaka, mhimili hupungua mwendo kidogo sana katika sehemu yake, kama mtembezi aliyejikwaa bila kuanguka. Kompyuta hupima kuchelewa huko, hujua ni zamu ya silinda gani, kisha huhesabu: katika kila mizunguko 200 ili kuilinda katalisti, na katika kila mizunguko 1,000 ili kuchunguza uchafuzi wa hewa.

Basi kompyuta husema, "Silinda ya tano imekosa kuwaka." Inachokijua kwa hakika ni kwamba mhimili ulichelewa wakati wa zamu ya silinda ya tano. Kati ya maneno hayo mawili kuna nafasi, na ndani ya nafasi hiyo ndimo fumbo letu lilimokuwa.

Kila dhana ijibu maswali yote

Tuliposoma kumbukumbu ya kompyuta tulikuta alama tatu. P0304 na P0305 zilizitaja silinda ya nne na ya tano, zote za upande wa kulia. P0300 ilisema kwamba silinda mbalimbali zilikosa kuwaka bila mpangilio. Tulipoliwasha gari saa sita mchana, jua likiwa kali, lilinguruma bila kasoro hata moja. Tulilizungusha mjini kwa nusu saa, na hakuna taa iliyowaka.

Mafundi jirani walikuja, kila mmoja na dhana yake, nasi tuliwasikiliza wote kwa heshima. Mmoja alisema ni petroli mbaya. Mwingine alisema ni hewa nyepesi ya mji wetu, ulio juu ya bahari kwa mita kama 1,200. Wa tatu alisema kijana hakuzikaza buji vizuri. Wa nne alinong'ona kwamba labda shutuma ile ilikuwa kweli.

Mkubwa wetu alichukua kipande cha chaki, akaandika ukutani maswali matatu: Kwa nini upande wa kulia tu? Kwa nini asubuhi tu? Kwa nini baada ya mvua tu? Kisha akasema kwamba dhana isiyoyajibu yote matatu isikae kwenye ukuta wake.

Petroli mbaya ingezidhuru silinda zote sita, mchana na usiku, masika na kiangazi, ikafutwa. Hewa ya juu haibadiliki kati ya asubuhi na mchana kwa kiasi hicho, na kompyuta huipima na kupunguza petroli ipasavyo, nayo ikafutwa. Buji zisizokazwa zingeonyesha ugonjwa wakati wa jua pia. Zaidi ya hayo, buji iliyochakaa huwa na nafasi pana kwenye ncha yake, na cheche huhitaji volti nyingi zaidi ili kuiruka. Buji mpya huipunguzia bobini mzigo. Kwa hiyo kazi ya kijana wetu, kama ilikuwa imebadili kitu, ilikuwa imelisaidia gari.

Ilibaki dhana ya bobini zilizochoka. Lakini angalieni: dhana hiyo ilikuwa ndiyo ile ile ya mwenye gari! Ingekuwa rahisi kwetu kuikwepa kwa kuogopa kule ambako ingetufikisha. Mkubwa wetu alikataa. Alisema kwamba ikiwa bobini ndizo mbovu, tutasema ni mbovu. Na swali la nani aliziweka ni swali la pili, nalo lina ushahidi wake. Tusiyafunge maswali mawili katika kamba moja.

Tulichokiona gizani

Tulizifungua bobini zote sita, kijana akiwa pamoja nasi, kwa sababu si haki mtu achunguzwe akiwa hayupo. Kila bobini ilikuwa na tarehe ya kutengenezwa iliyochapwa kwenye plastiki yake. Zote sita zilikuwa za mwezi mmoja, na mwezi huo ulitangulia kwa muda mfupi mwezi ambao gari lenyewe liliundwa. Kama mwizi angelitafuta bobini chakavu sita sokoni, angezipata wapi zote za mwezi mmoja, tena mwezi unaolingana na gari lile lile? Zilikuwa ndizo zile zile zilizotoka nalo kiwandani.

Tulipoziangalia kwa kioo cha kukuzia, tuliona nyufa nyembamba kama unywele kwenye plastiki. Ya tano ilikuwa na nyingi, ya nne ikaifuata, na nyingine zilikuwa na chache. Ndani ya nyufa hizo vumbi jekundu la udongo wetu lilikuwa limeganda likawa gumu, jambo lisilotokea kwa majuma matatu. Nyufa zilikuwa za miaka, zilizoletwa na kupata joto na kupoa, kupata joto na kupoa, maelfu ya mara.

Hata hivyo tulitaka ushahidi zaidi ya macho. Tuliihamisha bobini ya silinda ya tano kwenye silinda ya pili, upande wa kushoto, na ile ya pili tukaipeleka kwenye ya tano. Buji hatukuzigusa, kila moja ilibaki mahali ambapo kijana aliifunga. Kisha tukangojea mvua. Siku ya nne ilinyesha jioni. Tukaliendesha gari katika madimbwi, tukaliacha nje usiku kucha. Asubuhi lilitetemeka, taa ikametameta, na alama zikatoka: P0304 na P0302. Silinda ya tano ilikuwa imenyamaza. Ugonjwa ulikuwa umehama pamoja na bobini, na buji iliyofungwa na kijana katika silinda ya tano ilikuwa ikitoa moto wake kama kawaida.

Usiku uliofuata tulizima taa za gereji, injini ikiwa inazunguka, tukapuliza unyevu mwepesi wa maji karibu na bobini ya nne, tukiwa tumesimama mbali, kwa maana umeme ule una uwezo wa kumdhuru mtu vibaya. Hapo tukaona vijistari vya samawati vikitambaa juu ya plastiki na kurukia chuma cha injini. Umeme uliopaswa kushuka hadi kwenye buji ulikuwa umepata njia fupi kupitia nyufa zenye maji. Joto la injini lilipokausha maji, njia hiyo ilifungika, na gari likapona. Ndiyo sababu lilikuwa zima kila mchana.

Na upande wa kulia? Katika injini ya namna hii bobini hukaa chini, ubavuni, si mbali na magurudumu. Nchini mwetu tunaendesha kulia mwa barabara, na maji ya mvua hukusanyika ukingoni. Gurudumu la kulia ndilo lililokuwa likiyarusha. Maswali yote matatu ya ukutani yalikuwa yamepata jibu moja.

Basi gari lilikuja kwetu katika mwezi mkavu na likaugua katika mwezi wa mvua. Kati ya miezi hiyo kulikuwa na kazi ya kijana, na mwenye gari aliiona kazi hiyo, hakuiona mvua. Kitu kinachotangulia kingine huonekana kama mzazi wake. Mara nyingi sivyo.

Onyo la pili, lililokuwa la uongo

Tungeweza kuishia hapo, lakini alama ya P0300 ilikuwa bado inatusumbua. Tulifunga bobini mpya sita, mvua ikanyesha, gari likawaka vizuri. Baada ya siku chache taa ikawaka tena, safari hii ikiwa imetulia. Mwenye gari alikiri kwamba siku hiyo hakusikia mtetemeko wowote. Tukamwuliza alikuwa ametoka wapi. Alikuwa ametoka shambani kwake, kwa barabara ya vumbi yenye mawimbi mawimbi. Tukamwuliza tena kama taa hiyo iliwahi kuwaka namna hiyo kabla ya mwezi wa kumi. Akafikiri, akasema ndiyo, mara kadhaa, na watu wengine walikuwa wakimfutia alama bila kuchunguza.

Wawili wetu tulikwenda kwenye barabara ile. Mmoja aliendesha, mwingine alitazama kifaa kinachoonyesha hesabu za kompyuta papo hapo. Gari lilipopita juu ya mawimbi likiwa katika gia, hesabu zilipanda katika silinda zote sita, moja hapa, mbili pale, bila mpangilio. Dereva alipokanyaga klachi, gari likaendelea kuteleza juu ya mawimbi yale yale, na hesabu zikasimama. Maana yake ni kwamba misukosuko ilikuwa ikitoka barabarani, ikipitia magurudumu na gia, ikaufikia mhimili na kuuchelewesha. Kompyuta iliona kuchelewa, ikadhani moto haukuwaka.

Tulimwita shahidi mwingine. Silinda inapokosa kuwaka kweli, oksijeni ambayo haikutumika hutoka na moshi, na vihisi vya oksijeni kwenye bomba huiona. Asubuhi za mvua vihisi hivyo vilikuwa vimeiona waziwazi. Kwenye barabara ya vumbi havikuona kitu, wala hapakuwa na harufu ya petroli, wala nguvu haikupungua. Shahidi wa kwanza alisema moto umekosekana; wa pili, aliyesimama mahali pengine kabisa, alisema moto upo. Tulimsadiki wa pili, kwa kuwa tulijua pia ni kitu gani kilichomdanganya wa kwanza.

Lakini barabara mbovu ziko kila mahali, na magari mengi hayapigi kelele hivyo. Kwa nini hili? Jibu lilikuwa katika mfuko wa karatasi za gari. Mwenye gari wa zamani, huko Ulaya, aliwahi kuondoa flaiwili asilia na kufunga nyingine nyepesi. Flaiwili ni gurudumu zito lililofungwa mwishoni mwa mhimili. Uzito wake huutuliza mwendo, hujaza mapengo kati ya mwako mmoja na mwingine. Ikiwa nyepesi, injini hupanda kasi upesi, na hilo huwapendeza wanaopenda mashindano. Lakini kila mshituko mdogo humfikia mhimili ukiwa mzima. Tuliposikiliza vizuri, gari likiwa limesimama bila gia, tulisikia mlio wa gia zikigongana kidogo; tulipokanyaga klachi mlio ukatoweka. Hiyo ni dalili inayojulikana ya flaiwili ya namna hiyo.

Tulimweleza mwenye gari kwamba siku atakapobadili klachi, arudishe flaiwili nzito. Akauliza kama kwa sasa tungeweza kuiondoa taa ile, au kuibandika karatasi, kwa kuwa imethibitika kuwa inasema uongo. Tulikataa. Taa hiyo hiyo ndiyo iliyosema kweli juu ya bobini. Anayemziba mdomo shahidi kwa sababu alikosea mara moja hatamsikia siku atakaposema kweli. Tulimfundisha kupambanua: taa ikitulia baada ya barabara ya shamba na injini ikiwa laini, aje bila haraka, ikimetameta na gari likitetemeka, asimame.

Neno lililosemwa mbele ya watu

Siku ya sita, yaani siku moja kabla ya muda tuliopewa kwisha, tulikuwa tumemwita mwenye gari tukamwonyesha yote kuhusu bobini: tarehe, nyufa, vumbi gumu, alama iliyohama. Alishika bobini ya tano mkononi kwa muda mrefu. Kisha akauliza bei ya mpya, akasema atalipa. Alipotaka kuondoka, mkubwa wetu akamsihi kwa upole: "Shefu, mtoto huyu alitajwa mbele ya watu. Tunaomba neno lake nalo lisemwe mbele ya watu."

Haikuwa rahisi. Mtu yule ni mwenye cheo, na kijana ni mwanafunzi wa gereji. Alikaa kimya, akatazama nje. Mwishowe akatoka hadi mlangoni, akamwambia yule mama wa mikate na wale waliokuwapo kwamba kijana hakuiba kitu, na kwamba bobini zilikuwa zake za tangu mwanzo. Maneno yalikuwa machache, lakini yalitosha. Wahenga walisema: mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Siku hiyo hakunyongwa, na haki alipewa.

Vijana wapendwa, katika vikundi vyenu, nyumbani na shuleni, maonyo huwaka kila siku. Fedha za kikundi zimepungua. Mtu fulani alikuwa na ufunguo. Rafiki amebadilika, mtu fulani alionekana akizungumza naye. Onyo ni la kuheshimiwa: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Lakini onyo linasema tu kwamba kitu kimechelewa mahali fulani. Halisemi nani. Kazi ya kujua nani, au kama yupo mtu yeyote, inataka siku kadhaa, inataka maswali yaandikwe ukutani, inataka shahidi wa pili, na wakati mwingine inataka kungoja mvua. Nasi tumeona kwamba kazi hiyo inawezekana hata katika gereji ndogo, ikiwa wanaoifanya wako tayari kupokea jibu lolote litakalotoka.

Maswali ya kutafakari katika kikundi

1. Katika kikundi chetu, ni lini tulimhukumu mtu kwa sababu tu alikuwapo kabla ya jambo kuharibika?

2. Mkubwa wa gereji alikataa kuikwepa dhana iliyoweza kumwumiza kijana wake mwenyewe. Je, tunaweza kuchunguza jambo kwa haki linapomhusu mtu tunayempenda?

3. Onyo likithibitika kuwa la uongo mara moja, tufanye nini na yule aliyelitoa?

4. Neno baya lililosemwa mbele ya watu linarudishwaje? Je, kuna mtu ambaye tunadaiwa neno la namna hiyo?